Daftari la Deni: Duka na Shule katika Kumbukumbu za Utotoni

Katika maandishi ya kumbukumbu ya Afrika Mashariki ni nadra kuukuta utoto usiokuwa na mahali pawili: darasa la kwanza na duka la mtaani. Mtoto wa pwani, hali kadhalika na wa bara, hutumwa dukani kabla hajapelekwa shule. Zamani zile alikwenda mbio, senti kumi yenye tundu imefungwa kwenye pindo la nguo, akilirudia njiani jina la kitu alichotumwa asije akalisahau. Na pengine somo lake la kwanza la hesabu lilikuwa kugundua kwamba chenji iliyorudi ni pungufu, na kwamba atakayeulizwa ni yeye. Si ajabu, basi, kwamba waandishi waliofikia utu uzima, na hasa waliokwisha kuhama, wanapogeuka kutazama nyuma huviona kwanza vitu viwili: ubao mweusi na mizani. Hukumbuka harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na ya papa mkavu, jora za marekani na kaniki zilizopangwa hadi darini, sukari guru, chumvi ya mawe, na chupa ya peremende iliyowekwa makusudi pale ambapo jicho la mtoto litaifikia na mkono hautaifikia. Nyingi katika shule hizo zimebadilishwa majina. Mengi katika maduka hayo hayapo tena.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi waandishi wachache walivyolihifadhi duka na shule katika kazi zao, na hasa kuuliza jambo ambalo uhakiki umelipita kwa haraka: katika kila kumbukumbu ya duka, ni nani aliyekuwa ameshika daftari la deni, na ni nani ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa ndani yake?

Wataalamu wa Ulaya wanayo istilahi moja ya hali ya kuyatamani yaliyopita, nostaljia. Istilahi hiyo ilibuniwa na tabibu Johannes Hofer mwaka 1688 kuwa jina la ugonjwa, ugonjwa wa watu waliokaa mbali na kwao. Kiswahili hakina neno moja lililo sawa nayo. Kina hamu, kina ukiwa, kina majonzi, kina kumbukizi. Kila moja huchukua sehemu ya mzigo na kuuacha uliobaki. Hapa litatumika fungu la maneno ‘hamu ya kale’, si kwa kuwa linatosha, bali kwa kuwa hamu ni kutaka, na mwenye kutaka huweza kuulizwa anataka nini. Wahakiki wamezoea ama kuzisifu kumbukumbu za namna hii kwa kuyahifadhi yaliyopita, ama kuzilaumu kwa kuyapamba. Sifa na lawama zote mbili huichukulia kumbukumbu kuwa ni picha. Lakini duka halikuwa picha. Lilikuwa ni mahusiano ya watu, na mahusiano hayo yaliandikwa kwa wino, yakafungiwa chini ya meza.

Maneno yenyewe yanastahili kutazamwa kidogo. Duka limetokana na dukkan ya Waarabu, na Wagujarati nao wanalo la kwao lililo ndugu yake, hata muuzaji na mnunuzi walipokutana pwani hawakuhitaji mkalimani kulitaja jengo lililowakutanisha. Upande wa elimu mambo hayakuwa mepesi hivyo. Chuo kilikuwa ni kitabu, kisha kikawa mahali pa kusomea Kurani; shule ilikuja na Wajerumani; skuli, ambayo bado yasikika Unguja na kwingineko pwani, ilikuja na Waingereza. Kila neno lina mwalimu wake na adhabu yake. Leo chuo kimekwezwa hata kikawa chuo kikuu, na wasomi wanaofundisha humo mara chache hukumbuka kwamba neno hilo lilikalia mkeka kabla halijakalia kiti.

Kumbukumbu ya masomo iliyo miongoni mwa zile za kale kabisa kuchapishwa na mtu wa Unguja ni ya Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa mwaka 1844, akaondoka kisiwani mwaka 1866, na kitabu chake kikatoka Ujerumani, kwa Kijerumani, mwaka 1886, kwa jina lake jipya la Emily Ruete. Humo anasimulia jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, maana wasichana wa daraja yake walifundishwa kusoma tu: aliuchukua msahafu akaziiga herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika mahali pa ubao. Ni vigumu kupata katika fasihi yetu ya kumbukumbu kifungu kinachokishinda hicho kwa uzito. Msichana anayeiba maandishi ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe, tena kutoka kitabu kitakatifu, ni mwanzo unaoweza kuanzisha historia nzima ya uandishi wa wanawake wa pwani. Hata hivyo kitabu hicho hicho kinautetea utumwa mbele ya wasomaji wa Ulaya. Mfupa na utetezi vimo ndani ya jalada moja, na msomaji hana ruhusa ya kuchukua kimoja akakiacha kingine. Salme aliporudi kuizuru Unguja mwaka 1885 aliikuta Bet il Mtoni, kasri alikozaliwa, imekwisha kuchakaa na kubomoka, naye akaililia. Kilio hicho ni cha kweli. Ila ni kilio cha mwenye nyumba.

Kutoka kasri hadi duka ni mwendo mrefu, lakini M. G. Vassanji anaandika katika hali iliyo karibu na ya Salme: mbali, katika lugha ya ugenini, juu ya mji ambao jamaa zake wengi wameuhama. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akalelewa Dar es Salaam, kisha akafanya maskani Kanada. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989. Hadithi fupi za Uhuru Street zikafuata mwaka 1991. Na mwaka 2014 akatoa kitabu cha safari na kumbukumbu kiitwacho And Home Was Kariakoo. Mtaa unaorudiwa katika kazi hizo ni ule uliokuwa Kichwele kabla ya kubatizwa Uhuru. Mabadiliko hayo ya jina, ambayo wakazi wa mtaa waliyapata bila ya kuhama hata hatua moja, yanaeleza mengi juu ya mwandishi huyu: watu wake hukaa mahali pamoja, na nchi ndiyo inayowapita mbele ya mlango.

Kinachomtenga Vassanji na waandishi wa hamu nyepesi ni kwamba analifahamu duka kutoka upande wa ndani, na upande wa ndani si wa raha. Katika The Gunny Sack, Kulsum, mjane mwenye watoto, hukaa nyuma ya meza siku nenda siku rudi. Mteja humwona kuwa ndiye mwenye mali, hali yeye ni kama aliyefungwa na mali. Watoto wa nyumba husomea katikati ya bidhaa, na saa za shule na saa za duka hugombania maisha yao. Isitoshe, Vassanji haufichi msingi wa duka. Msimulizi, Salim Juma, amerithi gunia kutoka kwa bibi mmoja wa ukoo, na kila anapotia mkono humo hutoa kitu chenye kisa. Kisa kilicho chini ya vyote ni cha Dhanji Govindji, mfanyabiashara aliyetoka Bara Hindi, na cha Bibi Taratibu, mtumwa aliyemzalia mtoto kisha akafukuzwa nyumbani alipofika mke halali. Ukoo mzima wa wenye duka unatokana na mwanamke huyo aliyetolewa mlangoni. Jina lake, Taratibu, lina kejeli ambayo msomaji wa Kiswahili huihisi mara moja na msomaji wa Kiingereza hana budi kuelezwa.

Hapo Vassanji amefanya jambo kubwa: amelifungua daftari la wazee wake na kusoma deni ambalo wao wenyewe hawakuliandika. Lakini uaminifu huo haudumu katika kurasa zote. Duka linapofika mjini, na utoto wa msimulizi unapoanza, wateja huanza kupungukiwa na majina. Huingia, hununua, huondoka. Mtumishi na mteja mara nyingi huwa ni sauti za mtaani, nazo ni sauti zinazopendwa, tena zilizoandikwa kwa sikio zuri. Bali hazina nyumba za kurudia. Msomaji humjua mwanamke aliyepima sukari, wala hamjui aliyekwenda kuikoroga. Huenda mtu akasema kuwa mtoto wa duka hakuzijua nyumba hizo, na kwamba mwandishi amekuwa mkweli kwa kutozibuni. Hoja hiyo ina nguvu, nayo inatupeleka moja kwa moja kwenye shule. Katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Watoto waliokutana dukani asubuhi, mmoja ndani ya meza na mwingine nje yake, hawakukutana darasani. Duka lilikuwa ndilo darasa la pekee walilochangia, na humo kila mmoja alikuwa amekwisha kupewa kiti chake. Salim anawafahamu vijana wa Kiafrika kwa usawa pale tu anapoingia katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, akiwa amekwisha kuwa kijana. Na haiwi sadfa kwamba mapenzi makubwa ya riwaya yanazaliwa kambini, wala si dukani.

Kuhusu kutoweka kwa maduka yenyewe, waandishi wa kumbukumbu hupenda kusema kwamba nyakati zilibadilika. Nyakati hazibadiliki zenyewe. Nchini Kenya sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliyafunga maeneo na bidhaa kadha wa kadha kwa wasiokuwa raia, na mwaka 1968 Wahindi kwa maelfu wakakimbilia Uingereza kabla mlango wa huko nao haujafungwa. Zanzibar ilipata Mapinduzi mwaka 1964. Tanzania bara ilitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuyataifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971. Uganda ikawafukuza Wahindi mwaka 1972. Aidha, mwaka 1976 Operesheni Maduka ya Tanzania iliyafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, na mengi kati ya hayo hayakuwa ya Wahindi hata kidogo. Jambo hili la mwisho limesahauliwa kabisa na fasihi ya hamu. Mwafrika aliyekuwa na kiduka cha chumvi, kiberiti na kibaba cha unga, akafungiwa, hajapata mwandishi wa kumlilia.

Sasa na daftari. Katika biashara ya pwani limekuwapo tangu zamani neno mali kauli, maana yake mali inayotolewa kwa neno tu, pasipo fedha taslimu. Serikali za kikoloni hazikuupenda utaratibu huo ukiwahusu Waafrika, nazo zilitunga sheria za kuuwekea mipaka mkopo wa Mwafrika. Matokeo yake hayakuwa kukoma kwa mkopo. Mkopo uliendelea, ila ulikwenda kando ya sheria, katika daftari ambalo mara nyingi mwenye duka hakuweza kulipeleka mahakamani, na mdeni hakuweza kulipinga. Ulisimama juu ya kuaminiana, na juu ya kuogopana. Mwenye duka aliyempa mama wa watoto unga mwishoni mwa mwezi alitenda wema. Wema huo huo ukamzuia mama kwenda kununua kwingine. Mwandishi anayekumbuka wema bila ya kamba, au kamba bila ya wema, amekumbuka nusu tu ya duka.

Nusu ya pili ya mandhari hiyo, yaani iliyo nje ya meza, inapatikana kwa Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki mwaka 2025. Katika Dreams in a Time of War, kitabu cha mwaka 2010, anasimulia jinsi mwaka 1947 mama yake, Wanjiku, alivyomwuliza kama angependa kwenda shule. Mama hakujua kusoma wala kuandika; aliishi kwa kulima kwake mwenyewe, naye alikuwa mke wa tatu katika nyumba ya wake wanne. Sharti lake lilikuwa moja: mtoto asimwaibishe kwa kuikataa shule siku ya njaa au ya dhiki. Baada ya hapo ndipo duka linapoingia. Mtoto aliyezoea kujifunga nguo begani anahitaji kaptura na shati, na kaptura na shati zinapatikana katika maduka ya Wahindi ya Limuru. Ngũgĩ hana hamu na duka hilo. Hakumbuki peremende. Kinachokumbukwa ni nguo, na furaha ya nguo hiyo ni ya mama na mwana. Duka limepita kama daraja linavyopitwa na mtu mwenye haraka.

Ukiziweka kurasa za waandishi hawa wawili ubavuni, unapata mnunuzi asiyekuwa na nyumba upande mmoja, na muuzaji asiyekuwa na uso upande wa pili. Vassanji amekizima chumba cha mteja; Ngũgĩ amemzima mwenye duka. Hakuna mmoja aliyesema uongo. Meza ya duka ilikuwa pana kuliko inavyoonekana, na uhakiki unaomsoma mwandishi mmoja pasipo mwenzake utaukuza upofu wake ukadhani ni mtindo.

Kwa upande wa shule Ngũgĩ anazua tatizo zito zaidi, ambalo wahakiki wa Kiswahili hawana budi kulijadili. Mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, aliieleza shule ya utoto wake kuwa ni uwanja wa mateso: baada ya kutangazwa hali ya hatari mwaka 1952 shule za wazalendo zilichukuliwa na serikali, Kiingereza kikatawazwa, na mtoto aliyenaswa akisema Kikuyu alichapwa viboko au alivishwa kibao cha kumdhalilisha. Miaka 24 baadaye, shule zile zile za Kamandura na Manguo zinaonekana katika mwanga mwingine, mwanga wa ndoto ya mama. Je, mwandishi amelegea? Wapo watakaosema hivyo, kwamba uzee umemlainisha. Usomaji wa makini hauliungi mkono dai hilo. Katika kitabu cha 1986 mhusika mkuu ni lugha, na shule huonekana kutoka upande wa aliyeitawala. Katika kile cha 2010 mhusika mkuu ni mama, na shule huonekana kutoka upande wa aliyeilipia. Manguo ilikuwa shule ya Karing’a, iliyojengwa na wazazi kwa mifuko yao kabla haijanyang’anywa. Kuipenda shule hiyo hakukuwa kuupenda ukoloni. Hamu ya kale hapa ina anwani: anayetamaniwa ni mlipaji, si mtawala.

Tena Ngũgĩ anajua kukata hamu kabla haijaganda. Kitabu kilichofuata, In the House of the Interpreter cha mwaka 2012, kinafunguka kwa kijana anayerudi likizoni mwaka 1955 kutoka Alliance High School na kukuta kijiji chao hakipo. Watu wamehamishiwa Kamiriithu kwa amri ya serikali. Sare ya shule iko mwilini, nyumba imekwenda. Wengine waliotajwa humu walipoteza maduka na mitaa baada ya kuhama. Huyu alipotezewa kwao akiwa darasani.

Katika fasihi ya Kiswahili yenyewe duka limetazamwa kwa ukali zaidi na Adam Shafi katika Vuta N’kuvute, riwaya ya mwaka 1999. Si kitabu cha kumbukumbu, lakini Unguja ya kabla ya uhuru iliyomo humo imejengwa na mtu aliyeiishi. Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi, ameozwa Bwana Raza, mwenye duka anayetosha kuwa baba yake. Kwa mteja, duka la Raza ni mahali pa kupata mahitaji ya siku. Kwa Yasmin, mume na duka ni kitu kimoja kilichomnunua. Shafi amefanya kile ambacho kumbukumbu hazikifanyi: amemtoa msichana kutoka nyuma ya duka akamvusha hadi kwa Mwajuma, katika nyumba ambayo wenye duka waliijua kwa jina la mdeni tu. Hapo msomaji anaingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mteja akiwa ameongozana na mtu wa dukani. Riwaya ina mapungufu yake, hasa pale harakati za siasa zinapowageuza wahusika kuwa wasemaji. Lakini hatua chache za Yasmin kutoka mlango mmoja hadi mwingine zinazidi kwa thamani kurasa nyingi za hotuba.

Aliyelifikisha daftari katikati ya hadithi ni Abdulrazak Gurnah. Paradise ilitoka mwaka 1994. Mwandishi akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Na mwaka 2022 riwaya ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anasafiri na mtu tajiri anayemdhania kuwa ni ami yake, akidhani ni matembezi. Kumbe ni rehani. Baba yake ana deni kwa Aziz, na mtoto ndiye aliyeandikwa. Anawekwa dukani, chini ya kijana mwingine aitwaye Khalil, naye pia ni rehani. Na ni Khalil anayemfundisha kwamba tajiri yule si ami yake, na kwamba inampasa kumwita Seyyid.

Tazama jinsi duka hili lilivyojaa mambo yote ambayo hamu ya kale huyapenda. Lina barazani pa kulala, lina mizaha na wateja, lina mwanamke mzee mwenye utani uliopita mpaka, lina bustani yenye maji nyuma ya ukuta. Khalil anachekesha, na msomaji anacheka. Gurnah hakuunyima utoto furaha yake, wala hakuificha kamba. Furaha na kamba ziko pamoja, mkono wa mtoto ule ule unaopima unga ndio uliowekwa dhamana. Hakuna daftari linaloonyeshwa kwa urefu, wala halihitajiki, kwa kuwa Yusuf mwenyewe ndiye ukurasa.

Shule nayo imo, na kwa namna isiyotarajiwa. Yusuf anapoachwa bara kwa Hamid inagunduliwa kwamba hajui kuisoma Kurani, naye, kijana aliyekwisha kubaleghe, anapelekwa kuketi mkekani pamoja na watoto wadogo. Aibu hiyo ni sehemu ya deni. Miaka ambayo wenzake walikuwa chuoni, yeye alikuwa dukani akilipa. Katika fasihi nzima iliyotajwa hapa, hakuna mahali pengine ambapo duka na chuo vimefungwa pamoja kwa fundo moja namna hii: kimoja kimekula muda wa kingine.

Limebaki suala la lugha, ambalo wanaidara za Kiswahili hawawezi kulikwepa. Duka la zamani lilikuwa na msamiati wake. Kibaba na pishi, ratili na frasila, jora na doti, thumuni na ndururu, arbuni, nyongeza, mali kauli, rehani. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtoto aliyelijua hilo alijua kumtambua mwenye duka anayekijaza kibaba kwa vidole badala ya nafaka. Kumbukumbu nyingi za maduka hayo zimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno haya huingia humo kama vionjo, yakiwa yamelazwa kwa herufi za mshazari. Kiswahili kwa upande wake kimekuwa na uchache wa kumbukumbu za utotoni. Maisha Yangu ya Shaaban Robert, ambayo kila mwanafunzi huielekea kwanza, shughuli yake kubwa ni utumishi, ndoa na safari za mtu mzima. Utoto wa Vibambani na masomo ya Dar es Salaam hayakumshughulisha mwandishi kwa kadiri ambayo msomaji wa leo angependa. Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani, na Ken Walibora katika Nasikia Sauti ya Mama, wameanza kuziba pengo hilo. Ni dhahiri kwamba Peponi ni tafsiri. Hata hivyo rehani iliyomo humo haina haja ya kulazwa wala kufafanuliwa.

Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria za leseni na za kodi ya faida, ikataka vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara visiandikwe tena kwa Kigujarati. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, wakayafunga maduka yao kwa wiki kadhaa. Walikuwa na sababu zao, na kuipinga kodi ya wakoloni hakukuwa kosa. Ila katika mabishano yote hayo, baina ya serikali iliyotaka kulisoma daftari na mwenye duka aliyekataa kulisomesha, mtu ambaye jina lake lilikuwa ndani yake hakuwa na njia ya kujua limeandikwa nini. Dreams in a Time of War iliandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyekuwa, mwaka 1986, amekwisha kukiaga Kiingereza kwa maandishi. Wanjiku, aliyelipa karo, asingeweza kuusoma hata ukurasa mmoja wake.